Saluni ya dizeli inayobana matumizi: walioishi nayo wanasemaje?

Mkazi wa Nkuhungu aliuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Ninaishi Dodoma na kwa sasa ninaendesha Toyota Premio ya petroli ya cc 1,800. Sina ugomvi nayo, ila imechoka, na ningependa kuachana nayo kabla haijaanza kunidai matengenezo makubwa. Kazi yangu hunipeleka Dar es Salaam mara kwa mara, na pengine Singida hadi Mwanza, kwa hiyo kilomita zangu nyingi ni za barabara kuu. Hata hivyo, siku za kawaida gari hutoka Nkuhungu kwenda mjini na kurudi, mwendo mfupi kiasi kwamba ninafika ofisini injini haijapata moto sawasawa.

Nimeanza kuitamani Mazda Atenza ya dizeli, ile ya lita 2.2 iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa mwaka 2012. Kwa vipimo vya Japani, yenye gia otomatiki na inayoendeshwa kwa magurudumu mawili huenda takriban kilomita 20 kwa lita. Ninafahamu kwamba vipimo vya kiwandani havina matuta ya Gairo wala malori ya Kibaigwa, na ndiyo maana ninawauliza ninyi. Kila ninayemdokeza jambo hili hunigawia rai iliyo kinyume na ya mwenzake: mmoja anasema gari hilo linanusa tu mafuta, mwingine anasema dizeli za kisasa ni mtego kwa sababu ya kichujio cha masizi kinachokaa kwenye bomba la moshi, ambacho mafundi wanakiita DPF.

Ninaomba majibu ya watu walioishi na saluni ya dizeli, si waliosimuliwa. Matumizi halisi ni kiasi gani? Kichujio hicho kinasumbua kweli, au kinasumbua wasiokijua? Na ukijumlisha oili, filta na spea, kuna kinachobaki mfukoni? Wale watakaonishauri nipande treni ya SGR nawashukuru mapema. Nimeipanda na ni nzuri, ila haijafika Singida.

Mpanda Sekenke alijibu:

Ndugu, Atenza ya dizeli ninayo kwa miaka kadhaa sasa, na njia yangu ni Mwanza, Singida, Dodoma, mara moja moja hadi Dar es Salaam, kwa hiyo ninazungumza kama mtu ambaye gari hili lilitengenezwa kwa ajili yake.

Nikiondoka alfajiri, nikaenda kati ya 80 na 100 bila papara, ninapata kilomita 17 hadi 18 kwa lita. Nikijaza abiria na mizigo, nikawasha kiyoyozi njia nzima, zinashuka hadi 16. Mjini Mwanza, kwenye vilima na foleni, ni 10 hadi 12, na siku za mizunguko mifupi tu zinaweza kuwa chini ya hapo. Tangi la toleo la magurudumu mawili linabeba lita 62. Piga hesabu mwenyewe uone kwamba Dodoma hadi Dar es Salaam na kurudi, takriban kilomita 900, inawezekana kwa tangi moja, ingawa sikushauri uende ukiijaribu bahati yako. Angalia pia kwamba toleo la magurudumu manne lina tangi dogo zaidi, la lita 52, na linakula mafuta zaidi kidogo.

Jambo ambalo watu hawalisemi vya kutosha ni nguvu ya kuvuta. Injini hii ina tabo mbili, yaani vifaa vinavyoisukumia hewa ya ziada, na inatoa msokoto wa Nm 420 ikiwa kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika, zaidi ya mara mbili ya Premio yako. Maana yake ni kwamba unapopanda Sekenke au Kitonga gari haliteremshi gia na kupiga kelele, na unapotaka kulipita lori hutasubiri injini ijikusanye. Hapo ndipo kubana matumizi kunakotoka, kwa sababu injini inafanya kazi yake ikiwa imetulia. Asubuhi ikiwa baridi utausikia mlio wa dizeli, lakini ukishaingia barabara kuu abiria hawatatambua.

Kuhusu kichujio, mimi hakijanisumbua, na sidhani kwamba ni bahati. Kila baada ya kilomita mia kadhaa gari huanza kuyachoma masizi lenyewe. Halikutangazii, lakini ukilizoea utajua: injini haijizimi kwenye taa nyekundu kama kawaida yake, mngurumo unakuwa mzito kidogo, na kipimo cha matumizi kinaonyesha linakula zaidi. Nikiyaona hayo huku nimekaribia nyumbani, ninapitiliza na kuzunguka mpaka limalize. Mke wangu alidhani ninatafuta kisingizio cha kwenda kijiweni.

Ambalo sikulipenda ni umbo. Gari ni refu, na umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni milimita 2,830, mrefu kuliko hata wa toleo la wagoni. Ukipakia watu nyuma, tumbo la gari linasalimiana na matuta ya vijijini. Na ukiagiza, epuka lenye rimu za inchi 19, kwa kuwa tairi zake za 225/45 ni nyembamba na shimo moja la lami iliyomeguka linatosha kupinda rimu. Tafuta lenye inchi 17 na tairi za 225/55. Halivutii macho vilevile, lakini utalala usingizi.

Mama wa Tabata alijibu:

Kaka yangu wa Dodoma, nami nikupe upande wa pili, kwa sababu aliyetangulia anaishi barabarani na mimi naishi kwenye foleni.

Nilikuwa na saluni ya dizeli ya kampuni ambayo sitaitaja, kwani ninayoyaeleza ni tabia ya injini nyingi za kisasa za aina hiyo na si kasoro ya jina moja. Njia yangu ilikuwa Tabata hadi Posta, mwendo ambao kwa kilomita si mwingi lakini asubuhi unaweza kukaa Buguruni mpaka ukamaliza mazungumzo yote ya simu uliyokuwa unayaahirisha. Kwa mazingira hayo matumizi yalikuwa mazuri kiasi, si ya kustaajabisha, na yalikuwa nafuu kuliko ya gari la petroli la mwenzangu wa ofisini kwa tofauti ndogo ambayo haikustahili kusifiwa.

Kisha ikaanza kuwaka taa ya njano. Gari likipelekwa gereji linachomwa masizi kwa lazima kwa kutumia kompyuta, taa inazima, na baada ya muda inarudi. Kilichonishtua zaidi kilikuwa oili. Nilipopima nilikuta imepanda juu ya alama ya mwisho, na ilikuwa na harufu ya dizeli. Fundi wa mtaani akaniambia kwamba aliyefanya sevisi alizidisha, akapunguza kidogo, akaona kazi imekwisha. Kama ningelikuwa nimetosheka na maelezo hayo, injini isingalifika mbali, maana kilichokuwa kinapanda si oili bali dizeli iliyochanganyika nayo.

Niliuza gari hilo kwa bwana mmoja anayekwenda Mbeya kila wakati, na nilimweleza yote bila kuficha. Hadi leo analisifu. Gari ni lilelile na injini ni ileile, kilichobadilika ni njia tu. Mimi sasa ninatumia haibridi ndogo ya petroli na betri, ambayo kwenye foleni ndiko inakojidai.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: kati ya siku saba za wiki, ni siku ngapi gari lako linapata angalau nusu saa ya mwendo wa haraka usiokatika?

Fundi wa Msamvu alijibu:

Nimewasoma wote wawili na wote wamesema kweli, ila naona hakuna aliyeeleza kwa nini, na mtu asiyejua kwa nini ataishia kubahatisha.

Dizeli inapoungua huacha masizi. Zamani yalitoka nje, ndiyo moshi mweusi tuliouzoea nyuma ya mabasi. Katika magari ya kisasa yananaswa na kichujio, na kichujio kikikaribia kujaa, kompyuta ya gari inaamuru dizeli ya ziada imwagwe kwenye silinda kwa kuchelewa, ili joto la bomba la moshi lipande hadi takriban nyuzi 600 na masizi yageuke kuwa gesi. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua kati ya dakika 10 na 20 gari likiwa mwendoni. Ukizima injini katikati, masizi yanabaki, na sehemu ya dizeli ile iliyochelewa inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Ukirudia hivyo wiki nzima, unapata yaleyale yaliyompata Mama wa Tabata. Kwenye kijiti cha kupimia oili cha injini hizi za Mazda kuna alama ya X juu ya alama ya kujaa, na haikuwekwa kama pambo. Oili ikiukaribia X, imwagwe yote na kuwekwa mpya. Kupunguza kidogo hakusaidii chochote, kwa kuwa inayobaki imeshakuwa nyepesi na hailindi vyuma tena.

Jambo la pili ni majivu. Masizi yanaungua, lakini majivu yatokanayo na viambato vya oili hayaungui. Yanakaa kwenye kichujio mpaka siku kitakapovuliwa na kusafishwa au kubadilishwa. Ndiyo sababu injini hizi zinataka oili yenye majivu kidogo, ile ambayo kopo lake limeandikwa C3 au, kwa kipimo cha Kijapani, DL-1. Ninapokea magari yaliyowekewa oili ya malori kwa sababu tu nayo ni ya dizeli. Oili ya lori ni nzuri, kwa lori.

Tatu, hata kichujio kikiwa kizima, kuna njia inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini ili kupunguza gesi chafu, inayoitwa EGR. Moshi huo ukikutana na mvuke wa oili, unatengeneza utando mweusi unaoganda kwenye njia ya kuingizia hewa. Nimefungua injini ambazo tundu la hewa limebaki nusu yake. Mwenye gari analalamika kwamba nguvu imepungua na anataka kubadilishiwa tabo, kumbe tabo ni nzima na kinachotakiwa ni kufungua, kuloweka na kusugua. Kazi hiyo inachafua mikono na inachukua muda, lakini haihitaji spea za gharama kubwa.

Mazda wenyewe hawakusalimika na matatizo ya dizeli zao. Mnamo Novemba 2018 walitangaza kuyaita tena takriban magari 640,000 duniani kwa ajili ya springi za vali za injini za dizeli. Kwa hiyo ukipata gari la miaka hiyo, uliza kama lilishafanyiwa marekebisho hayo huko Japani. Namba ya chesisi inatosha kulifuatilia.

Kuhusu mafuta, hali si mbaya kama zamani. Mnamo Januari 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilianza kutaka dizeli isizidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, ilhali Japani wanatumia 10. Injini hizi zinastahimili 50. Zisichokistahimili ni maji na uchakachuaji. Mafuta yetu yanawekwa vinasaba tangu mwaka 2010 ili kuwabaini wachakachuaji, lakini hakuna kinasaba kinachozuia maji kuingia kwenye tangi la kituo kilichotelekezwa. Pampu ya injini hii inasukuma dizeli kwa mgandamizo unaofika bar 2,000, na nozeli zake, zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda, zina matundu madogo mno. Tone la maji mahali hapo ni hasara. Jaza kwenye vituo vyenye wateja wengi, usijaze wakati lori la mafuta linashusha, na filta ya dizeli ibadilishwe mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Kuna wanaokata kichujio na kuidanganya kompyuta. Ninaombwa kazi hiyo kila mara na ninaikataa. Taa inazima, ndiyo, lakini unabaki na gari linalotoa masizi usoni mwa watoto wa shule walioko kando ya barabara, na tatizo lililosababisha kichujio kuziba, liwe nozeli inayovuja au EGR iliyokwama, linaendelea kuila injini bila ya kengele yoyote.

Mzee wa 240D alijibu:

Wanangu, haya yote ni kwa sababu mmekubali gari liwe na kompyuta. Mercedes 240D yangu, iliyotengenezwa kabla wengi wenu hamjazaliwa, haina kichujio, haina EGR ya kuganda, haina taa ya njano. Mafundi wa Msamvu hawanijui. Ninakiri kwamba ina nguvu za farasi 72 tu, na ukipanda Kitonga nayo unapata nafasi ya kumaliza rozari nzima na kuhesabu nyani wa upande wa kushoto.

Mhasibu wa Ilala alijibu:

Naomba tuongee fedha, maana ndilo swali la tatu la mwenzetu na limepitwa kimyakimya.

Tuchukulie lita ni shilingi 3,000 kwa mafuta yote mawili ili hesabu iwe nyepesi. Bei elekezi za EWURA hubadilika kila mwezi, na ipo miezi ambayo dizeli huwa juu ya petroli, kwa hiyo asiwepo anayedhani kwamba dizeli ni nafuu kwa asili. Tuchukulie pia unaendesha kilomita 20,000 kwa mwaka. Premio inayokwenda kilomita 12 kwa lita inakula karibu lita 1,670, yaani takriban shilingi milioni 5. Atenza ya dizeli kwa wastani wa 16, ukichanganya safari na mjini, inakula lita 1,250, yaani shilingi 3,750,000. Tofauti ni shilingi 1,250,000 kwa mwaka.

Hapo bado hatujatoa. Oili yenye majivu kidogo ni ghali kuliko ya kawaida, injini inachukua zaidi ya lita 5, na kwa mazingira yetu nisingevuka kilomita 5,000 kabla ya kuibadilisha, ikimaanisha mara nne kwa mwaka. Ongeza filta za dizeli. Ongeza betri, kwa sababu magari haya yanayojizima na kujiwasha kwenye foleni yanataka betri kubwa ya aina maalumu, na ukiweka ya kawaida itakufa mapema. Kwa makadirio yangu theluthi moja ya ile tofauti inaweza kumezwa na mambo hayo. Ukiendesha kilomita 10,000 tu kwa mwaka, kinachobaki ni cha kununulia soda.

Halafu kuna bandari. Injini ya lita 2.2 kwa hakika ni cc 2,188, na ushuru wa bidhaa kwa gari dogo linalozidi cc 2,000 ni asilimia 10, wakati la kati ya 1,000 na 2,000 ni asilimia 5. Gari likiwa na umri wa miaka 8 au zaidi linatozwa nyongeza ya uchakavu juu yake. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, weka mwaka na modeli, ulinganishe na Mazda Axela ya dizeli ya cc 1,500 ambayo inakaa kwenye daraja la chini. Kuna mtu ataokoa mafuta kwa miaka mitatu ili kurudisha tu ushuru alioulipa siku ya kwanza.

Sisemi usinunue. Ninachosema ni kwamba ukinunua saluni hii, inunue kwa sababu ya jinsi inavyotembea, kama alivyoeleza Mpanda Sekenke, na akiba ya mafuta iwe nyongeza. Aliye na shabaha moja tu ya kupunguza gharama angebaki na Toyota ndogo ya petroli.

Dereva wa Nakuru alijibu:

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kenya magari haya yamejaa, kwa sababu sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na Mazda za dizeli za Japani zimekuwa zikipatikana kwa bei ya kuridhisha kuliko Toyota za umri uleule. Mimi ninayo Axela, ninaenda Nairobi na kurudi, na kule Limuru ambako hewa ni nyepesi na magari madogo ya petroli yanahema, tabo hufidia na gari linapanda bila malalamiko.

Nataka kumwonya muulizaji kuhusu jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulielewa kinyume. Kwenye karatasi ya mnada kutoka Japani, sisi sote hutafuta kilomita chache. Kwa dizeli, kilomita chache zinaweza kuwa habari mbaya. Gari lililotembea kidogo kwa miaka mingi huenda lilikuwa la kwenda dukani na kurudi, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujaza masizi. Lililotembea mara mbili yake katika muda uleule huenda lilikuwa la mfanyakazi aliyeshinda kwenye barabara za kulipia, na injini yake ni safi zaidi. Soma pia maelezo ya mkaguzi, usiishie kwenye alama ya juu ya karatasi.

Mkazi wa Nkuhungu aliandika:

Nawashukuru wote, na Mzee wa 240D shikamoo.

Mama wa Tabata, nimejiuliza swali lako na jibu halikunifurahisha. Wiki ninayosafiri, gari linapata mwendo wa kutosha kuliko linavyohitaji. Ila kuna vipindi, hasa wakati wa vikao vya Bunge, ambapo ninaweza kukaa Dodoma majuma matatu bila kutoka, na mizunguko yote ni ya Nkuhungu na mjini. Fundi, je, safari moja ndefu baada ya majuma hayo inatosha kufuta yaliyojikusanya? Na Dereva wa Nakuru amenigusa, kwa sababu nimeandaliwa mbili: moja ina kilomita 48,000 na nyingine 112,000, zote za mwaka mmoja, na nilikuwa karibu kulipia ya kwanza.

Fundi wa Msamvu alijibu:

Safari moja ndefu baada ya majuma matatu inaweza kuwa imechelewa, kwa sababu gari halisubiri ratiba yako. Kichujio kikifikia kiwango chake, linaanza kuchoma hapohapo ulipo, hata kama ni mita mia mbili kutoka ofisini, na ukilikatiza mara kadhaa ndipo taa inapowaka. Lakini kwa Dodoma dawa yake si ngumu. Mji hauna foleni za Dar es Salaam na barabara za kutokea ni nzuri. Jumamosi moja kati ya hizo, likiwa limeshapata moto, litoe kuelekea Bahi au Chamwino, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, bila kulibana gia na bila kusimamasimama. Pima oili kabla ya safari, si baada ya taa kuwaka.

Kuhusu hizo mbili, nisingechagua kwa kilomita peke yake, japokuwa naelemea kwenye hiyo ya 112,000. Omba kumbukumbu za sevisi za Japani kwa zote mbili, na uangalie kama oili ilibadilishwa kwa vipindi vinavyoeleweka. Muombe muuzaji video ya injini ikiwashwa ikiwa imepoa kabisa: ikichelewa kuwaka, ikitetemeka, au mlio wa nozeli moja ukijitenga na mingine, achana nayo. Aonyeshe pia kijiti cha oili kwa karibu na ndani ya mdomo wa bomba la moshi. Katika gari lenye kichujio kizima, mdomo huo unapaswa kuwa mkavu na karibu hauna weusi; ukipitisha kidole kikatoka kimejaa masizi, basi kichujio kimepasuka au kimeshakatwa, na hapo kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi hazina uzito tena.

Injini ya gari hili inatumia cheni, si mkanda, kwa hiyo kilomita 112,000 hazikudai gharama ya mkanda. Bajeti utakayoiokoa hapo iweke kwenye kusafisha njia ya hewa mara gari likifika, kabla hujaanza kulizoea, ili ujue unaanzia wapi.

Mama wa Tabata aliandika:

Na hiyo Premio usiiuze haraka, kaka. Kama ina uwezo wa kufika mjini na kurudi, iache ifanye kazi hiyo ya mizunguko mifupi, Atenza ikusubiri nyumbani hadi siku ya safari. Bei watakayokupa kwa gari lililochoka haitakuwa kubwa.